Mama Sloti na Kadi Zilizopigwa Tupa

Asubuhi hii mchonga mihuri hajamaliza hata kufagia mlango wa duka lake, na tayari kuna mtu amepiga magoti chini ya meza yake. Ni mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mkoba wa turubai ubavuni, tochi ndogo kaibana kwa meno. Ameifungua kompyuta ya kijivu inayoendesha mashine ya kuchongea. Kompyuta yenyewe haina ubaya wowote.

"Fundi, mimi sijakuita," mchonga mihuri anasema, fagio mkononi. "Mashine inachonga. Jana tu imechonga siku nzima."

Mwanamke anaitoa tochi kinywani. "Najua inachonga."

"Sasa unatafuta nini humo?"

"Natafuta kadi uliyouziwa na mdogo wangu. Naomba niitoe, nikuwekee nyingine. Hunilipi kitu."

Anaivuta taratibu, anatoka nayo hadi mlangoni kwenye mwanga. Ni kadi ya picha, ile inayoifanya kompyuta ionyeshe kitu kwenye skrini. Ukingoni ina safu ya vijino vya rangi ya dhahabu, na katikati ya vijino hivyo kuna mapengo mawili. Pengo moja limenyooka, safi, kama lilivyotoka kiwandani. La pili limekwenda upande, na kuta zake zimejaa mikwaruzo.

"Hili," anasema, akiligusa kwa ukucha, "limepigwa tupa."

Mchonga mihuri anaelezwa maana yake. Akishaelewa, anauliza swali ambalo fundi huyu ameulizwa mara nyingi siku hizi, na bado kila likiulizwa anaangalia sakafu.

"Mdogo wako wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

Mtaani wanamwita Mama Sloti. Jina alilipata zamani, kwa sababu mteja akija kutaka kadi, kabla hata ya salamu kuisha yeye alikuwa anauliza, "Sloti gani?" Watoto wake wawili wamekua wakitaniwa kwamba kifungua mimba wa nyumba yao anaitwa Sloti ila amefichwa.

Chumba chake cha kazi kipo ghorofa ya juu ya jengo la maduka, mwisho wa ukumbi, baada ya mshona mapazia. Kuta tatu zimejaa rafu, na rafu zimejaa vitu ambavyo muuza simu wa chini huviita mifupa. "Mama, hizi si za makumbusho?" humtania kila akipita. Naye humjibu, "Makumbusho wanalipisha kiingilio. Toa hela uingie."

Lakini mifupa ile ina wenyewe. Mjini ipo mashine ya kutarizi nembo za sare, ipo ya kupimia magurudumu gereji, ipo ya kukatia herufi za mabango. Mashine zenyewe ni ngumu, zinaweza kumzika mwenye nazo. Ila kila moja ilizaliwa na kompyuta yake, na programu yake haikubali kompyuta nyingine. Kompyuta ikifa, mashine nzima inageuka meza ya kuwekea chai.

Ndipo anapotafutwa Mama Sloti. Anasema mambo yote yanaanza na sloti, mfereji ule mdogo wa plastiki kwenye ubao mkuu wa kompyuta, mahali kadi inapochomekwa. Zamani kabisa ulikuwa mrefu na mweusi. Ukaja mweupe, mfupi, unaoitwa PCI. Kisha ukaja wa kahawia, uliotengenezwa kwa ajili ya kadi za picha peke yake, jina lake AGP. Baadaye ukaja huu wa Express, ambao mpaka leo ndio unaotumika.

"Kadi ya huyu haiingii kwa yule," anasema. "Hilo hata mtoto anaona kwa macho. Balaa ni AGP, maana wenyewe kwa wenyewe hawaelewani."

Kadi za AGP za mwanzo zilitumia umeme wa volti tatu na ushei. Zilizofuata zilitumia moja na nusu tu. Ili watu wasichanganye, watengenezaji waliweka kizuizi ndani ya sloti na pengo kwenye kadi. Sloti ya umeme mkubwa ina kizuizi upande mmoja, ya umeme mdogo upande wa pili. Pengo la kadi lisipokutana na kizuizi, kadi inagoma kuingia. Zipo kadi zenye mapengo mawili tangu kiwandani, na hizo huingia kote, kwa kuwa zimeundwa kustahimili kote.

"Sasa wewe ukichukua kadi ya zamani, ukaichonga pengo la pili kwa tupa, itaingia," anasema. "Itaingia vizuri kabisa. Ila ndani haijabadilika. Inaurudishia ubao nguvu usiyoimudu. Kuna ubao unakufa hapo hapo, mwingine unakaa hata miezi. Mwenyewe anashukuru Mungu, anasema nimepata fundi."

Mdogo wake anaitwa Fasta. Hilo nalo si jina la kuzaliwa. Baba yao alipofariki, Fasta alikuwa bado shule ya msingi, na Mama Sloti ndiye aliyemsomesha kwa kazi ya kutengeneza runinga na redio, kabla kompyuta hazijaenea. Alipomaliza shule alikaa naye kwenye meza moja kwa miaka. Alikuwa mwepesi wa mikono kuliko dada yake, na mwepesi zaidi wa maneno. Mteja aliyekuja amenuna aliondoka anacheka.

Alipooa, dada yake ndiye aliyemtafutia chumba cha biashara upande wa pili wa barabara. "Nilifurahi kuliko mama mzazi," anasema. "Nilikuwa nawaambia watu, mimi nikiwa sipo, nendeni kwa Fasta. Ni kama mmekuja kwangu."

Sentensi hiyo anairudia mara mbili katika mazungumzo yetu, na mara zote mbili anafunika uso kwa kiganja.

Mwaka jana, siku chache baada ya mvua kukatika, aliitwa kwenye kliniki ya macho. Wana mashine inayopiga picha ndani ya jicho, na kompyuta yake ilikuwa haionyeshi kitu. Alipima, akaona ni kadi ya picha imekufa. Sloti ilikuwa AGP ya umeme mdogo. Rafuni kwake kadi ya aina hiyo ilikuwa imekwisha, akavuka barabara kwenda kwa mdogo wake.

Fasta alimpa moja iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wake. "Hii inaingia kote, dada."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuangalia pengo kabla ya kuchomeka," anasema Mama Sloti. "Na mimi sikuliangalia. Nimepewa na mdogo wangu, niangalie nini?"

Kadi iliingia bila kelele. Akabonyeza swichi. Skrini iliwaka kidogo, ikatoa mistari, kisha ikazima, na moshi mwembamba ukapanda kutoka nyuma ya kompyuta. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba, ikatoka ukumbini.

Ukumbini walikuwa wamekaa wagonjwa. Wauguzi walikuwa wameshawatia dawa ya kupanua mboni, ili picha zipigwe kompyuta itakapopona. Mtu aliyetiwa dawa ile haoni sawasawa kwa muda, mwanga unamchoma, kila kitu kinakuwa ukungu. Sasa walikuwa hawana picha wala macho ya kurudia nyumbani.

"Muuguzi mkuu hakunifokea," anasema. "Angenifokea ningepata pa kushika. Aliniangalia tu, akasema, 'Tusaidie basi kuwatoa mpaka barabarani.'"

Akawa anawashika mikono mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja mkongwe, kitambaa amejifunga machoni kuzuia jua. Njiani bibi akauliza, "Hivi huyo fundi aliyeunguza mashine ni mtu wa wapi?"

Mama Sloti anasema alifikiri kunyamaza. Bibi asingemwona wala asingemjua. Lakini mkono wa bibi ulikuwa ndani ya mkono wake.

"Ni mimi, mama."

Bibi alisimama. Kisha akasema, "Basi nishike vizuri, usije ukaniunguza na mimi."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mama Sloti mwenyewe akisimulia anacheka kidogo, halafu kicheko kinamkauka. "Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wazima, vipofu wa saa tatu, na mimi ndiye niliyewapofusha."

Alirudi kuchukua vifaa vyake. Ndipo akaitoa kadi na kuiangalia. Aliyaona mapengo mawili, na akaujua mkono uliochonga lile la pili, kama mtu anavyoujua mwandiko wa mwanawe.

Hakumpigia simu. Alivuka barabara, akaingia dukani kwa Fasta, akaiweka kadi mezani mbele ya mteja. Alisubiri mteja aondoke.

"Hii umeifanya wewe?"

Fasta aliiangalia. "Dada, kadi za mapengo mawili hazipatikani tena. Watu wanazitaka. Mimi nifanye nini?"

"Useme hakuna."

"Nikisema hakuna wanaenda kwa mwingine. Na zinafanya kazi. Karibu zote zinafanya kazi."

"Umeweka ngapi?"

Kwenye kona ya meza palikuwa na tupa ndogo, ile aliyopewa na dada yake kwa kusafishia vyuma vilivyoshika kutu, na chini yake unga wa rangi ya kijani uliotokana na kadi. Mama Sloti aliupuliza ule unga ukaruka. Anasema hata leo hajui kwa nini aliupuliza.

"Wateja hawajui, dada," Fasta akasema polepole. "Na hawatajua, wewe ukikaa kimya."

Habari ilifika kwa mama yao kabla ya Mama Sloti kufika nyumbani. Mama huyo ni mtu mzima sana, anaishi na Mama Sloti nyuma ya soko. Jioni ile alikuwa amekaa kitandani akimsubiri.

"Nasikia unataka kwenda kumtangaza mwenzio nyumba kwa nyumba."

"Nataka nizitoe zile kadi, mama."

"Utazitoaje bila kusema? Aibu ya maiti aijuaye mwosha, mwanangu. Aliyeosha hatoki nje akapiga mbiu."

"Maiti hamdhuru mtu, mama. Hizi bado zinaunguza."

"Yule ni mdogo wako. Umemlea wewe."

"Ndiyo maana."

Mama akageukia ukutani. Walikaa hivyo mpaka taa ikazimwa, na kwa wiki kadhaa waliongea mambo ya maji na chumvi tu. Mama Sloti anasema usiku ule alijipa moyo kwa methali nyingine ambayo mama yule yule alimfundisha: mficha uchi hazai. Lakini hakuthubutu kumrudishia. "Ukimjibu mzazi kwa methali yake mwenyewe, hata ukishinda umeshindwa."

Akaanza na waliokuwa karibu. Aliandika tangazo kwa kalamu nene, akalibandika mlangoni: aliyenunua kadi ya picha ya zamani kwake au duka la ng'ambo ya barabara, ailete ikaguliwe bure. Hakuandika kwa nini. Watu wakajaza wenyewe. Wapo waliosema Mama Sloti ameanza kuuza takataka. Wapo waliosema ndugu wamegombania urithi. Mwenye duka la mabango, mteja wake wa tangu mwanzo, alileta kompyuta ikakaguliwa, ikaonekana salama, akaiondoa na hakurudi tena.

"Nilimuuliza nimekukosea nini," anasema. "Akaniambia, 'Hujanikosea. Ila sasa kila nikiiwasha nanusa.'"

Kazi zimepungua, anakadiria, hadi nusu ya zile za zamani, na kadi anazobadilishia watu anazitoa rafuni kwake mwenyewe. Chumba alikokuwa akiweka akiba ya vifaa amekirudisha kwa mwenye jengo. Lakini akiulizwa ni kipi kinachomuuma zaidi, hataji kipato.

"Ninapopita ukumbini, mshona mapazia ananyamaza," anasema. "Hana nia mbaya. Alikuwa anaongea jambo, ananiona, anakatisha. Mimi nilikuwa mtu wa kuingia popote bila hodi. Sasa nabisha hodi hata kwenye chumba changu."

Shida kubwa ilikuwa kwamba hakujua kadi zote zilikokwenda. Aliyejua ni Fasta, na Fasta alikuwa akimwona dada yake anavuka barabara, anaingia ndani.

Aliyekuja ni mke wake. Alipanda ngazi adhuhuri moja, mtoto mgongoni, mfuko wa sandarusi mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na kadi zilizokwisha kuchongwa lakini hazijauzwa.

"Wifi, nimezikuta chini ya kitanda," alisema. "Ameacha kuziuza tangu siku ile. Ila hawezi kuzitupa, na hawezi kukuletea."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Lakini nilipoziweka kwenye mfuko alikuwa ananiangalia, na hakuniuliza naenda wapi."

Kisha wifi akataja, mmoja baada ya mwingine, watu aliowasikia mumewe akiongea nao kwenye simu. Mchonga mihuri alikuwa mmoja wao.

Kliniki ilikuwa ya kwanza kutengenezwa. Mama Sloti aliitafutia ubao mwingine wa aina ile ile, akaupata kwenye kompyuta iliyokuwa ikitumiwa kama kigoda na mlinzi wa bohari moja. Mlinzi aligoma kwanza. Alitaka kigoda mbadala, akapewa. Ubao ukafungwa, kadi sahihi ikachomekwa, mashine ikapiga picha, na mpaka leo inapiga. Muuguzi mkuu humwita bado kukitokea hitilafu. Ameambiwa mara kadhaa kwamba yale yamepita. Hata hivyo huingia kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni, asipite mbele ya benchi la wagonjwa.

"Wale wa siku ile hawapo tena pale, najua," anasema. "Wameshaona, wameshapona, wameshasahau. Lakini lile benchi lipo."

Sasa imebaki sehemu moja. Ni gereji ya kupimia na kunyoosha magurudumu, na mwenye gereji ndiye aliyesimama na Fasta siku ya harusi yake. Ni mtu wa sauti kubwa na hasira za karibu. Kompyuta yake ilikufa mwaka jana, kabla ya siku ya moshi; akanunua nyingine kutoka kwa Fasta huyo huyo, na ndani yake kuna kadi nyingine iliyopigwa tupa. Mpaka wiki hii alikuwa anaamini ile ya kwanza iliuawa na umeme wa mtaani.

Juzi Mama Sloti alimtumia mdogo wake ujumbe, wa kwanza tangu siku ya moshi. Alimwambia kwamba Alhamisi asubuhi ataenda gereji, na kwamba kwa rafiki huyu hatasema kwa niaba yake. Jibu halikuja.

Alhamisi anatoka mapema, mkoba begani, njiani haongei. Kabla hata ya kufika kwenye lango la gereji, sauti inasikika. Mwenye gereji anafoka, na anafoka kwa majina yote: rafiki, ndugu, shemeji, mwizi. Mafundi wawili wamesimama nje na spana mikononi wakijifanya wanaangalia gari.

Mama Sloti anachungulia pembeni ya mlango. Kompyuta iko mezani, imefunguliwa. Fasta amesimama mbele yake, shati limeloa mgongoni, kadi imo mkononi, na upande wa mapengo ameugeuzia kwa rafiki yake ili auone vizuri. Kichwa kimeinama, lakini mkono ulioshika kadi haujashuka.

Anarudi nyuma, anakaa juu ya tairi kuukuu kando ya lango. Anaulizwa kwa nini haingii kumsaidia.

"Nikiingia atasimama nyuma yangu," anasema. "Amesimama nyuma yangu tangu baba alipokufa."

Akiwa pale, anaeleza analolitaka. Anataka meza ya pili iwekwe chumbani kwake, karibu na mlango, mahali kila anayepita ukumbini anaweza kuona. Kila kadi ya zamani itakayoingia jengo lile, iwe yake au ya fundi mwingine, ikaguliwe pale, mbele ya mwenyewe, kabla haijachomekwa kwenye mashine ya mtu. Na anayekagua awe Fasta.

"Watu watacheka. Watasema mwizi kapewa ufunguo. Nitaona haya, naye ataona haya, tutakaa na haya zetu pale mezani tukifanya kazi. Ila hakuna mtu mjini hapa anayelijua pengo la tupa kumzidi yeye. Kama atakubali. Sijamuuliza bado."

Ndani, sauti inapungua, kisha inapanda tena. Mlango unasukumwa na Fasta anatoka, anakwenda kwenye bomba la maji, anajimwagia usoni. Akigeuka anamwona dada yake juu ya tairi. Wanatazamana. Ni mara ya kwanza wamekuwa karibu hivi tangu mwaka jana.

Mama Sloti anaanza kuinuka.

"Usiingie kwanza, dada," Fasta anasema, akijifuta kwa kiwiko. "Bado hajamaliza kunisema."

Anarudi ndani. Mama Sloti anakaa chini tena.